Nimeambiwa niandike jina la Mama Kola

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 27, msimamizi wa laini A katika kiwanda kidogo cha kushona sare za shule hapa Morogoro. Nilipandishwa cheo mwezi Agosti na bado niko kwenye miezi sita ya majaribio. Laini yangu ina watu 22. Msimu huu tunashona shati jeupe la mikono mifupi, kola ya kawaida, mfuko mmoja kifuani. Oda ni mashati 12,000 na tumepewa siku 24 za kazi, ili mzigo umfikie mteja kabla shule hazijafunguliwa Januari. Meneja akagawa, akapata 500 kwa siku. Sisi tunatoa 340. Siku ikiwa nzuri, 350.

Ukitoa mapumziko, chai na usafi, tunashona dakika 450 kwa siku. Meneja alinituma nipime kila kituo ili tujue panapobana. Nilipima kwa saa ya kwenye simu, mizunguko kumi kila kituo, nikachukua wastani. Kupiga pasi mfuko ni sekunde 35, kushona mfuko 50, mabega 41, mikono 63, mbavu 52, matundu ya vifungo 49, vifungo 46. Vingine viko hapo katikati. Vyote nikijumlisha napata sekunde 1,080 kwa shati moja. Panapobana ni kola: sekunde 75. Karatasi ya ofisi inasema kola ni 60, yaani kuunga 20, kupunguza kingo na kugeuza 16, stichi ya juu 24.

Kwenye kola anakaa mama mmoja ambaye kiwandani wote tunamwita Mama Kola. Ana miaka 54 na yuko hapa mwaka wa kumi na moja. Mshauri, huyu mama ndiye aliyenifundisha kushika cherehani. Mama yangu alipofariki nilikuwa kidato cha pili, na kila jioni nilikuwa barazani kwake nikijifunza kupinda pindo. Ada ya chuo alichangia. Hata kazi hii, yeye ndiye aliyenileta getini.

Nilimpima saa nane na nusu mchana. Mizunguko ilikuwa 58, 61, 60, 112, 59, 63, 98, 60, 62 na 117. Alipoona nimesimama na simu hakusema kitu, aliendelea tu kushika mkasi akipunguza kola zisizolingana. Mbele yake kulikuwa na mabunda 14 ya kola yanayomsubiri, kila bunda vipande vya mashati 25. Ukihesabu laini nzima, mashati yaliyo njiani hayajamalizika ni kama 1,360.

Meneja alipoona karatasi yangu alisema, "Tatizo limejianika lenyewe." Amehudhuria mafunzo ya kaizeni, ile mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi hatua kwa hatua, na anapenda kusema kwamba namba hazina undugu. Anataka hadi Ijumaa ya wiki ijayo niwe nimeandika ripoti yenye jina na pendekezo: Mama Kola ahamishiwe kukata nyuzi kwa mshahara mdogo zaidi, au mkataba wake usitishwe. Nafasi yake achukue kijana wa laini B, ambao wanashona blauzi zenye kola kama yetu. Kijana yule anamaliza kola kwa sekunde 55. Ni kweli ana kasi, ingawa kwenye daftari la ukaguzi kola zake zinazorudishwa ni 11 katika kila 100. Za Mama ni 2.

Wenzangu nao wameanza kununa. Laini ikifika mashati 400 kila mtu anaongezewa shilingi 2,000 ya siku hiyo, na kwa wiki tano hatujaiona. Juzi nilisikia mmoja akisema kwa sauti, ili asikie, kwamba "wazee waende wakalee wajukuu."

Nikimtetea, watasema nimempendelea mlezi wangu, na mimi bado niko majaribioni. Nikiandika jina lake, nitakuwa nimemlipa shukrani ya punda, na Jumapili tunakaa benchi moja kanisani. Silali. Nisaidie nifikiri.

Msimamizi wa laini A, Morogoro

* * *

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo huo, na pole kwa kuubeba peke yako.

Nikikusoma, naona mambo mawili yamefungwa kwa kamba moja. Kuna laini inayotoa 340 badala ya 500, na kuna mama aliyekulea. Umeandika kana kwamba la kwanza limekwisha, namba zimeshatoa hukumu, na kilichobaki ni moyo wako tu kukubali au kukataa. Naomba turudi kwanza kwenye namba, maana hizo ulizonitumia hazisemi alichosema meneja.

Itazame tena ile mizunguko kumi. Saba kati yake iko baina ya 58 na 63. Mitatu ni 98, 112 na 117. Jumla ni 750, wastani 75, hapo hujakosea. Sasa iondoe ile mitatu. Inabaki 423, ukigawa kwa saba unapata 60 na ushee. Karatasi ya ofisi inasema ngapi? Sitini. Basi mara saba katika kumi, Mama Kola anashona kola kwa kasi ileile ambayo ofisi imeiandika. Fundi ambaye mikono imepungua kasi huonekana kila mzunguko: ungeona 72, 76, 74, 77, mfululizo. Namba zinazokaa pamoja halafu zikaruka ghafla mara chache, kwa kawaida zinaonyesha kitu kinachomjia fundi kutoka nje ya mikono yake. Ni uzi, au sindano, au kipande kilichokatwa vibaya, au mtu aliyemsimamisha. Nimesema kwa kawaida. Mizunguko kumi ya mchana mmoja ni michache mno kuamulia jambo, iwe kwa kumtetea au kwa kumshtaki.

Na wewe mwenyewe umeniandikia, kama unapita tu, kwamba alikuwa na mkasi akipunguza kola zisizolingana. Hapo nilisimama. Kwa nini kola zisilingane? Kola ya juu na ya chini zinatoka chumba cha ukataji. Kitambaa kikipangwa tabaka nyingi mno, kisu cha wima hupinda kwenye kona na mviringo, na kipande cha juu ya rundo hakiwi sawa na cha chini. Kuna na gamu, kile kitambaa kigumu cha ndani. Ikigandishwa kwa pasi ya mkono badala ya mashine, joto, muda na mgandamizo havifanani, kipande kimoja husinyaa kuliko kingine, na baadaye kola hutoa malengelenge. Nenda Jumatatu asubuhi na kiolezo cha kola na rula. Chukua vipande 20 kutoka juu ya rundo, 20 katikati, 20 chini, uvilaze juu ya kiolezo. Tofauti ikizidi milimita mbili, ile kazi ya mkasi ni kazi ya chumba cha ukataji aliyosogezewa Mama, na haimo katika zile sekunde 60 za ofisi.

Meneja wako anapenda kaizeni, nami naiheshimu. Lakini kwenye viwanda vya Toyota, ambako mengi ya mafunzo hayo yametoka, fundi akiletewa kipande kibovu huvuta kamba au hubonyeza kitufe, taa inawaka, na msimamizi anamjia. Kwenye laini yako Mama akiletewa kipande kibovu anakirekebisha kimyakimya kwa mkasi, na ukimya wake unaandikwa kwenye karatasi kuwa ni uzembe. Sisemi ndivyo ilivyo. Nakuuliza kama umewahi kumpa mtu yeyote wa laini A namna ya kusema "simama, hiki hakifai" bila kuonekana mkorofi.

Tuje kwenye mikono ya shati, ambayo umeitaja kwa neno moja ukapita. Dakika 450 ni sekunde 27,000. Ukitaka mashati 500, shati moja linapaswa kutoka kila sekunde 54. Kola kwa sekunde 75 inaruhusu mashati 360, na ndiyo maana mnapata 340 baada ya uzi kukatika na watu kwenda msalani. Lakini mikono ni sekunde 63, na inaruhusu 428. Hata ukimweka malaika kwenye kola kesho, laini yako haitavuka 428 kwenye karatasi, na kwa uwiano wenu wa kawaida mtaona kama 400 sakafuni. Meneja atarudi: "Nani anakaa kwenye mikono?" Utaandika na jina hilo?

Kuhusu kijana wa laini B, fanya hesabu moja na ofisi ikuone ukiifanya. Kola iliyorudishwa lazima ifumuliwe, ilinganishwe, ishonwe upya. Tuseme inakula dakika nne. Pima mwenyewe, yaweza kuwa tatu au sita. Kola 11 katika 100 kwa sekunde 240 ni kama sekunde 26 zinazoongezeka juu ya kila kola. Ukiongeza kwenye 55 zake unapata 81. Mama, hata kwa ile 75 inayolalamikiwa, anaongeza kama sekunde 5, anafika 80. Wako sawa. Ila nikutahadharishe: hesabu hii inasimama tu kama marudio yanamrudia aliyeshona. Kama kule B kuna mtu mwingine anayefumua kola za kijana, basi kasi yake ni ya kweli na gharama imefichwa kwa mtu mwingine, na meneja anaweza kukujibu hivyo. Ujue mapema.

Hata ile 500 ina swali lake. Ilitokana na oda kugawanywa kwa siku, haikutokana na laini. Watu 22 mara sekunde 54 ni 1,188, na kazi yako ni 1,080, kwa hiyo kila mtu angepaswa kuwa na kazi asilimia 91 ya muda bila sindano moja kuvunjika. Laini ya shati kufika hapo kwa wiki nne si jambo jepesi. Leo, kwa sababu kituo kizito kina 75, kila mtu kwa wastani ana kazi kama asilimia 65 tu ya muda. Pengo hilo ni la mpangilio wa vituo, na halina jina la mtu.

Sasa njia zilizopo mbele yako. Nitazitaja na mashaka yake, wewe ndiye unayeijua sakafu.

Ya kwanza ni kuandika kama ulivyoagizwa. Utamaliza haraka, na huenda ukapita majaribio. Lakini jina likishaingia kwenye ripoti yako, karatasi hiyo ndiyo itakayosomwa siku mambo yakifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi. Kumshusha mtu mshahara bila ridhaa yake ni kubadili mkataba. Kumwachisha kwa utendaji mdogo, Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinamtaka mwajiri kwanza achunguze sababu, amwelekeze fundi, ampe muda wa kujirekebisha. Wakisema ni kupunguza wafanyakazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka taarifa na mashauriano kabla ya uamuzi. Kuna notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, mwisho miaka kumi, ambayo Mama ameshaipita. Meneja akiulizwa uchunguzi uko wapi, ataonesha mizunguko yako kumi ya saa nane na nusu.

Ya pili ni kuigawa kazi ya kola. Zile sekunde 16 za kupunguza kingo na kugeuza hazihitaji cherehani. Anayepiga pasi mifuko ana sekunde 35 tu. Akipewa na kazi hiyo anafika 51, bado yuko chini ya 54. Mama anabaki na 44 kwa kola nzuri. Hata zile mbaya zisipokoma, wastani wake unakuwa kama 59, na panapobana panahamia kwenye mikono. Hapa ujihadhari na mambo matatu. Meza ya pasi iwe jirani na cherehani ya Mama, maana bunda likitembea mita kumi kwenda na kurudi sekunde zote mlizookoa zinaishia njiani. Ncha ya kola igeuzwe kwa kijiti butu cha mti au mwanzi. Akitumia ncha ya mkasi ataitoboa, na mtaona matundu kwenye ukaguzi. Na mpigaji pasi ataongezewa kazi bila kuongezewa pesa, kwa hiyo zungumza naye kabla, asije akaikuta imeandikwa ukutani.

Ukiwa hapo, mtazame fundi mitambo. Sindano ya kola imebadilishwa lini? Shati la sare lenye mchanganyiko wa poliesta huhitaji sindano nyembamba, namba 11 au 12, na sindano butu ikikaa siku tatu inakata uzi na kuvuta nyuzi za kitambaa. Hesabu na stichi: kama mashine ya Mama imewekwa stichi 14 kwa inchi na sampuli ya mteja ina 11, anashona robo zaidi ya anachotakiwa, na hakuna aliyemwambia. Mguu wa cherehani wenye ukingo wa kuongoza ungemwondolea kazi ya kukadiria upana wa stichi ya juu kwa macho.

Ya tatu ni muda wa ziada. Kola ni kazi ya maandalizi, inaweza kutangulia mwili wa shati, kwa hiyo wengi hufikiria kumbakiza fundi wa kola jioni ajaze akiba. Kola 500 kwa sekunde 75 ni saa kumi na dakika 25, yaani karibu saa tatu za ziada kila siku. Kwa siku 24 ni saa 70. Sheria inaruhusu saa 50 za ziada katika wiki nne, na kila saa ilipwe mara moja na nusu. Siku chache za kuziba pengo, sawa. Msimu mzima, hapana, na kwa mtu wa miaka 54 kola ya saa kumi na mbili jioni haitafanana na ya saa mbili asubuhi.

Ya nne ni kumhamisha Mama, ila kwa heshima. Mtu anayerudishiwa 2 katika 100 angefaa ukaguzi, au kuwafundisha hao vijana wenye kasi. Hili linavutia, na ndiyo sababu naliogopa kidogo. Ukimwondoa kwenye kola katikati ya oda, atakayeingia atajifunza kwa mashati ya mteja. Na kama hajataka mwenyewe, hata cheo kizuri atakiona ni mlango wa kutokea.

Mabunda nayo. Mashati 1,360 yako njiani na 340 yanatoka kwa siku, kwa hiyo shati lenye kazi ya dakika 18 linakaa kiwandani siku nne. Hiyo ni kanuni ya foleni ya John Little ya mwaka 1961, vilivyo njiani gawa kwa vinavyotoka kwa siku, na haijali kama unashona mashati au unahudumia foleni ya benki. Maana yake kwako ni kwamba kosa la gamu la Jumatatu mnaligundua Alhamisi, mkiwa mmeshalishonea mamia. Bunda la 25 likiwa la 10, kosa linaonekana mapema. Lakini tiketi, zile karatasi za kutambulisha kila bunda, zinaongezeka, wabebaji wanatembea zaidi, na saizi huchanganyika kirahisi. Jaribu kwenye kola na mikono tu kwanza, usiguse laini nzima katikati ya oda.

Mteja naye nani amezungumza naye? Kwa 340 mtamaliza siku ya 36. Kwa 400, siku ya 30. Njia zote nilizozitaja, hata zikienda vizuri, hazikufikishi siku ya 24. Pengine anahitaji saizi za darasa la kwanza mapema na nyingine zingesubiri wiki moja. Si kazi yako kumpigia simu, lakini ni haki yako kuandika kwenye ripoti kwamba namba haifiki kwa njia yoyote kati ya zilizopo, ili lisije likatafutwa jina lingine Desemba.

Nirudi kwenye moyo, sijausahau. Unaogopa neno upendeleo. Upendeleo ungekuwa kuificha ile 75, au kumpima Mama kwa kola zilizochaguliwa. Kuandika 75 pamoja na namba kumi zilizoizaa, na sababu ya kila moja iliyoruka, sioni upendeleo hapo. Hata hivyo undugu wenu unajulikana kiwanda kizima, na meneja anaweza kuukumbuka siku anayotaka. Je, ungeweza kumwambia wewe kwanza: "Huyu ni mlezi wangu, naomba msimamizi wa B aje apime nami"? Kuna hatari. Anaweza kuona huna msimamo, na msimamizi wa B ana maslahi yake, kijana ni wa kwake. Lakini namba zilizoandikwa na mikono miwili ni ngumu kuzitupa.

Na kuna upande ambao hatujautazama, nao unauma zaidi. Yawezekana ukipima vizuri ukute kweli kasi yake imepungua. Pima mizunguko 20 asubuhi, 20 adhuhuri, 20 baada ya saa tisa, kwa siku tatu, ukiandika pembeni kila iliyokatizwa na kilichoikatiza. Ikiwa asubuhi ni 58 na jioni ni 70, uliza kuhusu macho na taa kabla ya kuuliza kuhusu umri. Kwa miaka 54 wengi wanahitaji miwani ya karibu, na uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe ni mtihani hata kwa kijana. Taa ndogo juu ya sindano ni gharama ndogo. Na ikiwa ni 70 kutwa nzima, na taa ipo, na vipande ni vizuri? Hapo utakuwa na ukweli mwingine mkononi. Jiandae moyoni kwamba unaweza kuwa hivyo, ili usipime ukiwa tayari na jibu, kama meneja alivyofanya.

Wenzako waliokosa zile 2,000 wana haki ya kuudhika. Kama mnalo tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani, hapo, au hata kikao cha asubuhi cha dakika tano, wangejua kwamba kuna 63 baada ya 75. Kwa sasa wanajua jina moja tu, kwa sababu wewe ulisimama na simu mahali pamoja kwa muda mrefu kuliko pengine. Hukukusudia, lakini waliokuwa wakitazama walijisomea hivyo.

Nami najiuliza: kati ya watu wote uliowataja, Mama Kola mwenyewe umemuuliza nini? Barua yako ndefu haina neno lake hata moja. Pengine unaogopa atajua. Mwanangu, aliona simu, alisikia lile la wajukuu. Ameshajua, anasubiri tu aone nani atamwambia. Ukienda barazani kwake kama mtoto, mtalia na hamtafika kwenye kola. Ukimwita ofisini kama msimamizi, atajibu "ndiyo bosi" na kunyamaza. Labda kuna pa katikati: cherehanini pake, dakika kumi kabla ya laini kuwaka, ukiwa umevuta kigoda. Mwoneshe zile namba kumi. Muulize ya nne, ya saba na ya kumi zilikuwa na nini. Kola zile hatakuwa amezisahau. Halafu mwambie atenge kila kipande kisicholingana kwenye boksi badala ya kukipunguza, kwa siku tatu tu, na tiketi ya bunda lake ibaki juu yake. Boksi hilo lipige picha kila jioni kabla halijarudishwa kwenye ukataji.